Shikamoo Baada ya Maji

Kipawa, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe na Mama shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, maana najua yuko jikoni na atauliza kama nimemsahau. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko? Huku nao wanasema ni msimu wa baridi, lakini shuka moja linatosha. Nikifikiria ukungu unavyoshuka asubuhi mpaka kwenye migomba, miguu yangu inapoa nikiwa nimekaa hapa kwenye joto. Na ng'ombe ameshazaa? Mama aliniambia tumbo limeshuka, kisha mtandao ukakatika, na tangu siku hiyo naomba awe ndama jike.

Mimi sijambo. Shangazi naye hajambo, anasema nimeanza kunenepa, ila ni maneno ya kumfurahisha Mama.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya simu yenyewe. Ukinipigia nabaki naitikia "ndiyo Baba, ndiyo Baba," halafu tukishaagana ndipo maneno yanakuja. Kaka Godi, mtoto wa mama mkubwa, anapanda kesho na basi la asubuhi. Atashukia Bomang'ombe, na ameniahidi barua hii haitakaa mfukoni mwake.

Siku ile uliniuliza, "Hao watu wa ndege wanataka nini hasa?" Nikakujibu, "Vitu vingi Baba." Nilijua unawaza ile nafasi ya ualimu uliyoniombea, kwamba nikishindwa huku nipande nikaishike kabla haijachukuliwa. Naomba nikueleze vizuri sasa, kwa utaratibu, na majibu ya mwisho nitayasema mwishoni. Nakujua unavyoruka mistari. Usiruke.

Kwanza wanaangalia masomo. Ule mchepuo wa Fizikia, Jiografia na Hisabati ambao mjomba alisema ni wa wavulana, ndio wanautaka. Wanataka na Kiingereza, si cha kuandika tu bali cha kusema, kwa kuwa rubani anaweza kutoka nchi yoyote na mwongoza ndege lazima waelewane naye mara moja. Wanaangalia na umri, usiwe mtoto na usiwe umechelewa. Hapo nilipita bila shida.

Kisha ni afya. Daktari alinipima moyo, damu, presha, akaniuliza kama nimewahi kuanguka kifafa na kama nalala usingizi mzuri. Kwenye macho walinionyesha kurasa zenye vidoa vya rangi vilivyochanganyika, na ndani yake kuna namba imejificha. Mtu asiyetofautisha rangi haioni. Mwenzangu mmoja mwenye alama nzuri kuliko sisi wote aliishia hapo. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Mimi niliziona zote. Nilikumbuka tunavyochuma kahawa, unavyopita nyuma yangu ukiangalia kikapu na kusema, "Hii bado, iache iive. Hii ndiyo nyekundu." Daktari hakujua, lakini macho yangu uliyapima wewe miaka mingi kabla yake.

Kwa masikio, nilifungiwa kwenye chumba kidogo kama kabati, nikavalishwa vifaa vya masikioni, nikaambiwa nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Milio inazidi kufifia mpaka hujui kama umesikia au umekumbuka. Nilifumba macho nikasikiliza kama ninavyosikiliza maji ya mfongo yakianza kuja mferejini, kabla hayajaonekana, pale majani makavu yanapoanza kusogea.

Baada ya hapo kukawa na mtihani wa akili, wa michoro na namba, ukifanya haraka haraka. Nao nilipita. Tukabaki wachache, na likabaki jaribio la sauti. Baba, hapo ndipo nilipoanguka.

Chumba kina meza yenye ramani ya uwanja wa ndege na vindege vidogo vya mbao. Nyuma ya ubao wa kutenganisha anakaa mzee mmoja mstaafu aliyeongoza ndege maisha yake yote, na yeye ndiye anaigiza rubani. Humwoni, unamsikia tu masikioni. Mwalimu anayesimamia ni mama mmoja mwembamba, tunamwita Madam, anasimama nyuma yako na kalamu.

Kabla ya kuanza tulipelekwa kumsalimia yule mzee. Nywele zake nyeupe kabisa, na anaposimama anashika kiuno kama Babu Ndelilio. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba mama, nikaenda kukaa.

Akaanza kwa Kiingereza: anataka kutua. Nikaangalia ramani, nikaona ndege nyingine bado iko kwenye njia ya kurukia. Jibu nililijua. Nilitakiwa kumwambia aendelee kuzunguka, asubiri. Maneno manne au matano. Lakini masikioni mwangu ilikuwa sauti ya mzee, Baba, na mimi ni nani wa kumwambia mzee asubiri? Nikaanza kumsalimia tena. Nikasema samahani bwana, tafadhali, kama haitakusumbua, naomba kama inawezekana...

Madam akagonga meza na kalamu. "Acha. Ulipokuwa unamwomba, ndege mbili zimeshakutana."

Nikavua vile vifaa.

"Unatoka wapi?"

"Machame, Madam."

"Sauti yako ni nzuri, haitetemeki. Akili unayo, ndege uliiona. Lakini unaomba. Hapa hatuombi. Rudi Ijumaa. Ijumaa ukiomba tena, kwa mwaka huu basi."

Nje nilimkuta Zuhura, msichana wa Tanga tuliyezoeana kwenye foleni ya daktari. Yeye anaongea hata na mlinzi wa getini. Nilipomweleza akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wewe Mchaga wa wapi? Ninaowajua mimi pale sokoni wananiamrisha mpaka rangi ya kununua."

"Hao ni wakubwa."

"Basi kuwa mkubwa mpaka Ijumaa, halafu urudi kwenye upole wako."

Shangazi aliposikia akasema dawa ni mazoezi. Akaniweka jikoni, yeye akashika mwiko, akaniambia nimpe amri. Nikasema, "Shangazi, naomba, kama vitunguu vimeiva..." Akanikatisha, "Vimeshaungua hivyo. Sema." Nikasema, "Tafadhali Shangazi, punguza moto." Akasema, "Tafadhali ya nini na nyumba inawaka?" Tukacheka, tukala vitunguu vyeusi, na mimi nikabaki vile vile.

Nyumba ya Shangazi iko karibu na uwanja. Ndege ikipita mabati yanatetemeka na watu wananyamaza kidogo, kisha wanaendelea na sentensi ile ile walipoiachia. Mimi kila inapopita natoka nje kuangalia. Huku ziko karibu mno, unaona matumbo tu. Natamani kuziona kama tulivyokuwa tunaziona nyumbani, mimi na wewe, baada ya kukamua, tukisimama pale mwisho wa kihamba ambapo migomba inaachia na tambarare yote inafunguka chini mpaka taa za uwanja. Unakumbuka ile jioni ya mawingu? Ndege ilikuja, ikageuka, ikaenda, ikarudi. Nikakuuliza kama imepotea. Ukasema, "Haijapotea. Kuna mtu pale chini anagawa zamu, na rubani kaambiwa angoje." Ukabeba ndoo ukaenda zako. Hukujua umenipa nini. Tangu jioni ile nilimtaka yule mtu wa chini, si rubani.

Alhamisi nilikuwa nafua uani, bomba likaanza kukoroma kabla ya maji kutoka, na moyo wangu ukaenda moja kwa moja kwenye mfongo. Baba, nililia kidogo. Niliona vyote. Ile nduwa yetu, bwawa dogo linavyojaa polepole asubuhi. Kizibo cha magome ya migomba na udongo. Wewe juu na jembe, wenye zamu chini kwenye mashamba yao, na katikati hamwonani kwa sababu ya migomba, kwa hiyo mtu lazima asimame pale kwenye kona na kupokea sauti ya juu kuipeleka chini. Mtu huyo ulinifanya mimi, mtoto nisiyeweza kuomba chumvi kwa jirani. Mama alikuuliza, "Huyu ataita nani?" Ukasema, "Ataita maji, si watu."

Na masharti yako ya mfongo wote wanayajua. Anayesikia arudie. Asiporudia, jembe halishuki. Na salamu ni baada ya jembe kutoka majini, awe mtoto awe mzee, maana maji hayasubiri watu waulizane habari za ng'ombe.

Nikakumbuka siku ile Babu Ndelilio alipofungua maji kuingiza kwenye shamba lake na zamu ilikuwa ya Mama Elia, mjane wa jirani. Ulipiga kelele kutoka juu, "Mwambie azibe." Nilimwona yuko hatua chache tu kutoka kwangu, baba yako mdogo, na kofia yake. Nikafungua mdomo nimwamkie. Wewe ukaita tena, na nikajua huko chini maharage ya mwenzake yanangoja. Nikasema, "Babu, ziba. Zamu ni ya Mama Elia." Akanitazama. Nikangoja. Akasema taratibu, "Naziba. Zamu ya Mama Elia." Akaziba. Jioni, majembe yalipokuwa yanaoshwa, nikamwendea na shikamoo yangu, naye akaitikia, akanipa ndizi mbivu kutoka kwenye mkoba wake, akasema, "Huyu mtoto ana zamu zake."

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba siku ile nilikosa adabu. Hata yeye hakufikiri. Pale uani nikasimama na nguo mkononi nikajiuliza, basi kwa nini huku naogopa?

Ijumaa nilikaa kwenye kile kiti, nikavaa vifaa, na ule ukimya ukaja, kama ukimya wa kwenye kona. Yule mzee akataka kutua. Njia haikuwa wazi. Nikamwambia kwa Kiingereza aendelee kuzunguka upande wa kusini, yeye ni wa pili. Maneno machache tu. Nikangoja arudie.

Hakurudia. Akaacha Kiingereza, akaniambia kwa Kiswahili, polepole, "Binti, mimi ni mzee, sawa na babu yako. Niruhusu nipite kwanza."

Nilisikia kalamu ya Madam imesimama. Nikarudia yale yale, sauti ile ile, nikaongeza, "Rudia niliyosema." Halafu nikanyamaza. Ulinifundisha kunyamaza, Baba, kwamba ukijaza ukimya kwa maneno mtu hasikii amri.

Akarudia. Yote, neno kwa neno, kwa Kiingereza safi. Ndege ya kwanza ikaondoka njiani, nikamruhusu, akatua. Wakaniongezea nyingine, na nyingine tena, nikawapa zamu zao wote.

Madam aliposema nivue, nilinyanyuka nikazunguka ule ubao, nikainama. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo mbona umechelewa kunisalimia?"

"Nilikuwa kazini, mzee. Kwetu tunasalimia baada ya maji."

Akamtazama Madam, Madam akamtazama yeye. Nilitaka kueleza habari za mfongo, lakini aibu yangu ilikuwa imeshanirudia, nikasema asanteni nikatoka. Ndiyo maana nakueleza wewe, ambaye huhitaji kuelezwa.

Jana wamebandika majina. Kabla sijasema, nifikishie salamu. Babu Ndelilio mwambie ile ndizi bado naikumbuka, na kwamba nimesikia macho hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo umshike mkono akienda kwenye nduwa. Mama Elia, jirani yetu, mwambie maharage yake yamefika mbali. Mwalimu wangu wa Fizikia ukikutana naye kanisani mpe mkono kwa niaba yangu. Mdogo wangu Anaeli mwambie asimame kwenye kona vizuri, asikae juu ya jiwe, kwenye jiwe sauti haifiki. Najua sasa ni yeye anayesimama hapo, na nikisema ukweli namwonea wivu. Msimu huu wa kahawa sitakuwepo, na sijui kama Krismasi watatuachia tupande. Mama aniwekee mtori moyoni tu, nitakuja kuunywa.

Ile nafasi ya ualimu, Baba, mwachie mwenye zamu yake. Mimi jina langu liko ukutani. Nimechaguliwa kujifunza kuongoza ndege, na naanza mwezi ujao.

Sasa sijui kama umesikia, uko mbali na migomba ni mingi katikati. Kwa hiyo simama hapo ulipo, geukia jikoni, urudie kwa sauti Mama asikie.

Ni mimi binti yako, ninayengoja,

Aikande