Kaniki ya Mzee Chibago

Kwako kaka yangu Petro,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila vumbi la huku Ugogo limenikaa kifuani. Goti la mama linaendeleaje? Na wewe, bado unafundisha katika kanisa lile la mawe? Nasikia Jumapili watu wanajaa mpaka nje. Hongera, ingawa kulisema neno hilo roho inaniuma kidogo.

Mimi nimefundisha hapa miaka mitatu kwenye kibanda cha nyasi, wasikilizaji saba, na wawili kati yao huja kwa ajili ya chumvi tunayowagawia. Mwaka huu padre alitaka tuigeuze kanisa nyumba ya tambiko, ile ambamo Wagogo wameomba mvua tangu enzi za mababu zao. Mtunzaji wake ni Mzee Chibago. Nilitegemea ugomvi, tena nilitamani askari wa Wadachi watoke bomani waje wamtoe. Wapi! Padre alifika na kanzu yake nyeusi, wazee wakatazamana wakafurahi. Huku nyeusi ni rangi ya mawingu, na anayeomba mvua huvaa nguo nyeusi. Wakaona mzungu naye amekuja kuomba, amevaa kama ipasavyo. Mzee akafungua mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Tukatoa vibuyu na vigoda, tukapaka kuta chokaa, nikachonga msalaba na altare. Viganja vyangu vilipasuka, kaka. Lakini siku ya kwanza ya misa kila aliyeingia alimwinamia mzee, mbukwa, mbukwa, ndiyo salamu yao, na mimi wakanipita kama nguzo. Hata wimbo niliohangaika nao miaka yote, yeye aliusikia mara mbili akauongoza, na nyumba nzima ikamwitikia. Kijicho kilinipanda mpaka sikusikia mahubiri.

Baada ya misa mzee akaleta zawadi, kaniki mpya, nyeusi tii, iliyokunjwa vizuri, itandikwe altareni. Akasema kwa Kigogo mbele ya wote kwamba nguo ile ni mawingu, wanampa Mungu ili awakumbuke. Padre hajui Kigogo. Akanigeukia.

"Anasema nini?"

Nilikuwa nimeelewa kila neno. Nikamjibu, "Anasema ni nguo ya mizimu, ikae humu pamoja na Mungu."

Padre akamrudishia nguo yake, akaamuru asikanyage tena mle ndani mpaka atubu. Mzee akatoka ameikumbatia, na watu wakamfuata. Ufunguo nikapewa mimi. Jumapili mbili sasa nahubiria kuta, na padre akiuliza watu wako wapi, nasema wako mashambani.

Jana asubuhi mzee alikuja kwangu na kibuyu cha maziwa, akaketi kizingitini. Nilijua amekuja kunisuta, nikajiandaa kukana. Hakunisuta. Aliongea taratibu, kama anavyoongea mtu na mtoto mgeni.

"Mwalimu, nisamehe. Kigogo chetu sisi wazee ni kigumu kwako, nami siku ile nilisema haraka. Nimekutia aibu mbele ya mzungu wako."

Nikamwambia nimemsamehe.

Kaka, ndivyo nilivyosema. Akanishukuru kwa mikono miwili, akaondoka, na mimi nikabaki na maziwa yake. Sasa hata upole wake namwonea wivu. Naufunga mlango wa kanisa kila jioni, lakini kufungua kinywa mbele ya padre nimeshindwa.

Nisalimie shemeji, na watoto wote. Mjomba mfinyanzi mwambie chungu chake kilifika kizima. Shangazi asiache kuniombea, safari hii nina haja kweli.

Mama usimsomee habari za mzee. Mwambie tu kwamba mwanawe amekabidhiwa ufunguo wa kanisa, awatangazie majirani.

Ndugu yako mdogo,
Yakobo