Ring Ipi Uliyomwahidi?

Chumba cha kushonea,
Nyuma ya soko,
Jumatatu asubuhi.

Mpendwa mwana wa kaka yangu,

Hujambo? Kifua kimepona, au bado unakohoa kwa baridi ya huko? Na ile sweta niliyokufumia unaivaa, au umeiona ya kizamani? Sisi wazima. Mguu wangu unavimba kwa kukanyaga cherehani, lakini twaenda hivyo hivyo. Baba yako hajambo, kelele zake ni zile zile.

Sasa nisikilize, maana leo hata kukaa siwezi. Simu zangu hupokei, ndiyo nikashika kalamu.

Ule ujumbe uliomwandikia mwenzangu wa kushona, mpenzi wako huyo, usijifanye humjui, umetutia wazimu. Kiswahili siku hizi kimekuwa kizito? Ukamwandikia, "I will give you a ring soon." Alipousoma alirusha mkasi! Yaani utampa ring karibuni, na ring ni pete, nani asiyejua? Nilipiga vigelegele mpaka muuza viatu akaja kuchungulia. Tukapima kidole kwa uzi. Fundi umeme, aliyekuwa amemletea posa, akaambiwa asijisumbue.

Kisha shemeji yako, mwalimu wa Kiingereza, akaja kuchukua suruali yake. Nikamwonyesha ujumbe kwa maringo. Alicheka mpaka akashika ukuta. Eti hapo ring si pete, ni kupigiwa simu! Anasema hayo ni maneno mawili yaliyokutana njiani yakafanana sura. Moja asili yake ni duara, ndilo likazaa pete. Jingine ni la mlio: yaelekea watu wa zamani walisikia chuma kikigongwa, wakaiga sauti yake, likawa la kengele, na baadaye la simu. Kama sisi na kaa, anasema: kuna la jikoni, kuna yule mwenye magando, kuna kaa kitako. Nikamwambia, na kuna kaa kimya, bwana mwalimu!

Mwenzangu aliuchukua ule uzi wa kidole, akashonea kifungo.

Tangu hapo hatulii, na mimi situlii. Anaitazama simu kuliko mshono. Jana kashona mkono wa gauni mahali pa shingo. Na hata hiyo ring ya mlio hujampa! Nimekukasirikia kweli kweli, mwanangu.

Basi niambie kwa Kiswahili. Kama ni pete, sema. Kama ni simu, piga. Kama si lolote, mwachie mtoto wa watu.

Baba yako anakusalimu, dada yako na mumewe pia. Mungu akulinde huko uliko, na akuongezee akili.

Nikupendaye hata nikinuna,
Shangazi yako.

Tena: nilikuwa nalamba bahasha, fundi umeme akaingia. Ametufungia kengele mlangoni, wala hatukumwomba. Mwenzangu anaibonyeza, inalia, anacheka, anaibonyeza tena. Kwa hiyo ring ya mlio ameshapata, na haikutoka kwako. Imebaki ya kidole.