Mkima wa Mpakani

Baba Wawira,

Nisamehe nimekawia kuandika. Nilikuwa nangoja hasira iishe kwanza. Haijaisha. Nimechoka tu kuingoja.

Wawira anatembea sasa. Akiona dishi juu ya paa lolote hapa mtaani Majimbo anainua kidole, "Baba!" Simkatazi. Ni yako kweli, madishi ya mji mzima. Wewe ndiye uliyekaa na ramani mezani ukaamua waifai ya Embu yote itoke kwa mnara wa kwenu Kianjokoma, kwa sababu kule juu hakuna paa lisiloonekana.

Unakumbuka tulivyopima? Wewe juu ya mnara, mimi huku kwenye paa na tumbo lote lile, nimeshika kioo chako cha kunyolea, nakurushia jua. Ukapiga kelele kwa simu, "Simama hapo hapo, nakuona!" Hakukuwa na kitu katikati yetu.

Lakini ulipima wakati ndugu yako Njeru ametoka kupunguza mkima wa mpakani, mama apate kuni. Mti ulikuwa umebaki kijiti. Wewe, mtoto wa mkulima! Mvua ikaja, mkima ukajaa majani, na Majimbo yote ikaanza kutupigia: neti imekufa. Ukamwomba Njeru aukate. Ulimwomba vizuri, nilikuwepo. Akakwambia, "Mti wa baba siukati ndio watu wa mjini watazame mpira." Basi ukasema utainua dishi lipite juu ya majani. Dakika mbili tu. Mkanda wa kukuzuia usianguke ukauacha nyuma ya mlango.

Sasa nikwambie kitu. Njeru aliukata. Wewe ukiwa mochari aliukata mwenyewe, akilia, akaupasua mbao za jeneza lako. Zilikuwa mbichi. Waliokubeba walinung'unika njia yote, "Huyu amekuwa mzito hivi lini?" Na neti ikarudi. Mazishi yako yalionyeshwa kwa simu, na shangazi yako aliye ng'ambo alitazama mpaka udongo wa mwisho, haikukatika hata mara moja. Alinipigia kuniambia picha ilikuwa safi. Nikasema asante.

Juzi nilienda huko Kianjokoma nikamkuta Njeru na mche wa mkima, anachimba shimo palepale.

"Mpaka ni mpaka, Mama Wawira."

Nikamwambia, "Shemeji, weka jiwe. Jiwe halina majani."

Akaniuliza mimi, mtu wa kutoka Mikinduri, ni nani wa kumwonyesha mpaka wa baba yake. Nikamjibu mimi ndiye ninayepanda huo mnara siku hizi. Na ninaupanda, Baba Wawira. Neti ikifa tena, mtoto wako hana chakula. Njeru aliinama tu akaendelea kuchimba.

Alipokwisha kuupanda, ningeung'oa. Mkono ulikuwa umeshafika. Lakini mama yako alitoka na maji aliyooshea vyombo, akaumwagilia, akauita kwa jina lako. "Kunywa, mwanangu. Kua haraka." Nikarudisha mkono.

Kwa hivyo sitakung'oa. Lakini nakuahidi hivi: kabla hujakua ukafika kwenye dishi, nitakuwa nimekukwepa. Nitapima njia nyingine, kilima kingine, mji huu hautazimika kwa sababu yako mara ya pili. Na Wawira nitamfundisha kuvaa mkanda kabla sijamfundisha kuomba.

Lala sasa. Ila kuna vitu bado nahitaji unitumie. Nywila ya mnara, ile uliyokataa kuandika popote, herufi kubwa ziwe kubwa na ndogo ziwe ndogo. Mkanda wa kunitosha, huu wako unanizunguka mara mbili. Kwa Njeru, ndoto moja mbaya. Na kile kioo. Nimekitafuta kabatini, kwa begi la spana, chini ya kitanda, na siwezi kupima bila kioo. Lakini kama kilikuwa mfukoni mwako siku ile, usinitumie vipande. Nitanunua kingine.

Mama Wawira