Kioo Kilichosema Sawa

Ujerumani, 3 Machi 2025

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima, na ng'ombe pia. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu.

Kile kioo cha darubini tumeanza kukipima. Ni kikubwa kama sebule yetu na kila upande umepinda kivyake, kwa hiyo tunamulika mwanga kupitia kioo kidogo cha kuongozea, halafu kompyuta inatuambia wapi pa kusugua. Mdogo wangu Brenda, anaponitumia picha za barua zako, anasema unakohoa sana. Nina likizo. Nije? Niambie kweli.

Mwanao, Irine

Kimandolu, 9 Machi 2025

Mwanangu mpenzi Irine,

Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali nami. Kifua ni ubaridi tu. Mlima Meru umejifunika mawingu wiki nzima. Brenda apunguze umbea. Usharika mzima nimewaambia mwanangu anatengeneza kioo cha kuonea nyota, ukikiacha, uso nitauficha wapi? Kaa umalize.

Baba yako

Ujerumani, 17 Juni 2025

Shikamoo Baba,

Huku tumepatwa na balaa. Kile kioo kidogo cha kuongozea mwanga kilifungwa nyuma mbele. Tumesugua miezi yote hii mpaka kompyuta ikasema sawa kabisa, kumbe ni sawa kwa kipimo kibovu. Kioo kikubwa kimeharibika. Nimelia mbele ya wakubwa zangu.

Halafu nikasoma tena barua zako. Kila moja inasema "mimi ni mzima wa afya," hata ile ya wiki aliyozikwa Mama. Nami nilikuwa nasoma hapo, natulia. Safari hii usinisalimie, Baba. Niambie unalalaje, na unatembea hadi wapi. Tiketi yangu ni ya Ijumaa ya wiki ijayo.

Mwanao, Irine

Kimandolu, 22 Juni 2025

Irine,

Nalala nimekaa. Zizini sifiki, anakamua Brenda. Tangu Februari hospitali walisema ni mapafu, nikakataza usiambiwe. Nilitaka umalize kazi yako. Sasa naogopa, mwanangu. Njoo haraka.

Baba yako

Kimandolu, 30 Juni 2025

Shikamoo Baba,

Nilibadilisha tiketi, nikafika Jumatano. Ulikuwa umeondoka Jumanne.

Jumamosi tumekulaza kando ya Mama, kwenye migomba. Meru ilikuwa wazi, watu wakaisifia, nikakasirika. Kazini wameandika kwamba kioo kitasuguliwa upya.

Watu bado wanaingia kutoa pole, wananiuliza naendeleaje. Nawajibu mimi ni mzima wa afya.

Mwanao, Irine