Mshonaji wa Mabawa ya Ndege

Jumanne, 10 Machi 2026. Mwaka wa kumi na nane tangu tufukuzwe Litein kwenye ghasia za uchaguzi.

Asubuhi nilikuwa bado naandika, kwenye kitabu changu cha vita, juu ya ndege ya kivita yenye mabawa ya tabaka mbili, moja juu ya jingine. Ilikuwa imeshapitwa na wakati Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, lakini ndiyo iliyotumwa kaskazini mwa Kenya kupambana na Waitaliano. Mabawa yake yalikuwa ya kitambaa. Baba, fundi wa jeshi, alishona matundu ya risasi kabla haijaruka tena.

Simu ikalia. Cheruiyot, jirani aliyenunua shamba letu, anang'oa chai apande avokado.

“Mzee, kuja unionyeshe kaburi la baba yako linaishia wapi, nisilichimbe.”

“Magoti yananisumbua.”

Akacheka. “Vita vyote hivyo umevizunguka vitabuni, Litein ndiyo imekushinda?”

Magoti yangu ni mazima. Naogopa lile geti la shamba tulikotolewa, na wale watakaonisalimia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ndege zilizoanguka nimezitafuta moja moja vitabuni. Kaburi la aliyezishona nimemwachia jirani alipalilie miaka yote hii, na leo nimemdanganya.

Kesho nitampigia nimwambie aache nafasi kubwa kuzunguka msalaba. Sitarudi Litein.