Kutoa Sauti Baada ya Mwalimu

Alhamisi usiku, Nyakato

Kwa nini mimi? Mwalimu wetu wa kwaya amepunguzwa kazi kiwandani, anarudi kwao Misungwi. Leo mazoezini alisoma jinsi Musa alivyomwekea Yoshua mikono ili aongoze baada yake, kisha akaniwekea mimi mikono kichwani. Mimi ninayeimba nikitazama sakafu!

Mwanawe Benja alikuwa palepale. Wote tulidhani atarithi yeye.

"Haya Yoshua, Yordani hatuna, tuvushe ziwa!" akanitania. Wakacheka.

Nikatoa sauti ya kuanzia, juu mno. Soprano wakakwama. Nilitamani kukimbia.

Benja akaishusha taratibu, akaninong'oneza, "Anzia hapa." Kisha akaningoja niongoze.

Musa naye alikuwa na wana. Maandiko hayasemi walijisikiaje alipochaguliwa Yoshua.

Jumapili Benja asipokuja, nitaanzia wapi?