Neno "Take" na Kazi Niliyoikataa kwa Adabu

Kinondo,
Nyumbani kwa Mzee Matano,
Kwale.

9 Novemba 2025

Mpendwa dada yangu Warda,

Shikamoo dada. Natumai salamu hizi zitakukuta huko Bristol ukiwa mzima wa mwili na wa moyo. Kifua chako kimepoa? Mara ya mwisho uliniambia baridi imekuingia mpaka mbavuni. Na wale wazee unaowahudumia, je, hawajambo? Yule bibi anayekuita binti yake bado anakataa uji mpaka umwimbie?

Huku kwetu tu wazima, alhamdulillahi. Mwanangu Amin, ambaye ni mwanao pia, ameota meno ya juu na sasa anauma kila kitu, hata pindo la leso yangu. Baba yake, Swabir, yuko palepale kwenye duka la mbao Ukunda, anarudi jioni kichwa kimejaa vumbi la msumeno. Mama amepona mguu na amerudi kuchoma mahamri yake.

Nakuandikia barua badala ya ujumbe wa simu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na jirani yetu anayesafiri kwa mwanawe huko Uingereza amekubali kuibeba. Tena tangu ile simu ya Septemba, uliponiambia unatamani kuja kufunga Ramadhani nasi, naona umepunguza kunipigia. Hilo nitalifikia mwishoni.

Dada, mimi bado nimeduwaa. Niliyoyafanya nimeyafanya mwenyewe, kwa mdomo wangu, na mpaka leo nikiwa nafua naacha nguo ndani ya beseni nabaki kutazama ukuta.

Uliniuliza darasa la Kiingereza linaendaje. Tunasomea kwenye baraza ya shule ya chekechea pale Ukunda, wanawake watupu, wote tunaotafuta kazi za hoteli Diani. Anayetufundisha ni Mwalimu Kathini, Mkamba wa kule Shimba Hills, aliyekaa mapokezi ya hoteli miaka mingi. Wiki nzima alitushikilia kwenye neno moja tu, "take". Mimi nilidhani ni kuchukua, basi, tupige hatua.

Kumbe weee. Hao watu dawa hawanywi, wanaichukua. Picha hawapigi, wanaichukua. Basi hawapandi, wanalichukua, utadhani wanalitia mfukoni. Kuoga ni hilohilo, kupumzika hilohilo, kufanya mtihani hilohilo, kumpima mgonjwa joto hilohilo. Ukivua viatu wanaliongezea kijineno "off" nyuma, na ndege ikiruka wanatumia kijineno kilekile. Nilimuuliza mwalimu kama hao Waingereza waliishiwa na maneno. Akanijibu kwamba hata mimi nasema safari imechukua muda, je, muda nimeutia kwenye kikapu gani? 

Lililonishangaza zaidi ni asili yake. Alituambia neno hilo wala si la Waingereza. Walikuwa na neno lao la kuchukua tangu zamani. Halafu wakaja watu wa bahari kutoka nchi za baridi za kaskazini, kwanza kwa kupora, kisha wakapenda mahali, wakalima, wakaoa, na neno lao likaingia majikoni mpaka lile la wenyewe likafa. Mbodze, yule mwenzangu wa Msambweni asiyekosa la kusema, akasema basi hata neno la kuchukua lenyewe lilichukuliwa. Tulicheka sana. Lakini mimi nilitazama leso niliyomfungia Amin, nikakumbuka babu alivyokuwa akituambia kwamba jina hilo la leso tuliachiwa na Wareno, nikaona sote ni walewale.

Siku hiyohiyo mwalimu alituonya jambo. Alisema mzungu akikwambia "take" anasema mara moja tu, na anataka upokee. Hatakubembeleza. Mbodze akasema, "Kwao lazima wageni hulala na njaa." Tukacheka tena, na mimi nikacheka kuliko wote. Laiti ningejua.

Sasa sikiliza. Kuna hoteli moja pale Diani ina chumba cha kuchezea watoto wa wageni, na walikuwa wanatafuta mwanamke wa kuwaangalia. Dada, katika kazi zote za pwani hii, hiyo ndiyo niliyoiomba kwa Mungu, kwa kuwa mfanyakazi wa chumba hicho anaruhusiwa kwenda na mwanawe mdogo. Kazi nyingine zote ningelazimika kumwacha Amin hajaamka na kumkuta amelala. Nilikwenda na vyeti vyangu vya darasa la nane nikiwa nimevaa buibui lako lile lenye nakshi za mkononi. Anayeajiri ni mama wa kizungu, mtu mzima, mpole, ana mvi fupi kama za mwanamume.

Aliniuliza mambo mengi na nilimjibu yote. Mtoto akilia bila sababu ningefanya nini, akianguka ningefanya nini. Kiingereza changu kilitembea, dada, hata mimi mwenyewe nilikisikia kinatembea. Mwisho akatabasamu, akasema amenipenda, kazi inaanza Jumatatu, je, nitaichukua? Kwa neno lilelile. Nilimwelewa sawasawa, usije ukadhani sikumwelewa.

Nikainamisha macho nikamwambia, "Hapana, ahsante mama. Wapo wenzangu wanaofaa kuliko mimi."

Wewe unajua nilimaanisha nini. Ndivyo tulivyolelewa. Ukikaribishwa chakula unasema umeshiba hata kama tumbo linanguruma, mwenyeji anasema japo tonge, unasema ahsante nimetoka kula, ndipo anakushika mkono unanawa. Nani hupokea kwa neno la kwanza? Nilikuwa namngoja aseme mara ya pili. Naye akanitazama kwa huruma, akanipa mkono, akanishukuru kwa kufika. Nikajua atanipigia simu. Nikatoka pale nimefurahi, dada, nimefurahi kabisa.

Nyumbani nilimsimulia mavyaa wangu, Bi Hafsa, mama yake Swabir. Akanisifu. Akasema, "Umefanya vyema, mkwe wangu. Wasije wakakuona kama mtu aliyekosa kwao." Tukakaa kuingoja simu. Nikienda kisimani, simu mkononi. Nikikuna nazi, simu iko juu ya kinu. Hata yeye aliacha kulala mchana ili anisaidie kusikiliza.

Jumatatu nilipofika darasani nilimkuta Ndulu, yule binti wa darasa letu aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni ya hotelini, amekuja kutuaga. Amevaa fulana ya manjano imeandikwa jina la hoteli. Aliulizwa kama ataichukua kazi akasema ndiyo, basi. Hana mtoto wala hajaolewa. Alinikumbatia, akaniambia kwa moyo safi kwamba alisikitika kusikia mimi siitaki.

Dada, ndipo nilipoelewa. Nilikaa kwenye kiti kidogo cha chekechea nikabaki kulisoma lile jina la hoteli kwenye fulana yake.

Mwalimu Kathini aliniita pembeni. "Hebu ngoja, Esha. Alikupa kazi, na wewe ukamwambia hapana?"

"Nilikuwa namngoja arudie, mwalimu."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akasema hata kwao bibi yake alikuwa hivyohivyo, akipewa asali anarudi nyuma hatua nzima kabla ya kuipokea. Akaniambia nirudi kwa yule mama nimweleze. Nikamwambia aibu itaniua. Akasema, "Aibu umeshaipata. Si uende tu uone kama kuna kingine?"

Nikaenda, na Amin mgongoni. Yule mama aliponiona alishangaa. Akanipa maji ya kunywa, nami nikayapokea palepale, kwa neno la kwanza, masikio yakiniwaka moto kama mwizi. Kisha nikamweleza. Nilimweleza habari ya tonge, ya kunawa mikono, ya simu iliyokaa juu ya kinu. Aliweka mkono mdomoni. Akaniambia ana miaka mingi pwani hii, na sasa anawakumbuka wanawake wengi aliowakaribisha chai wakasema hapana, akaondoa birika. Tulibaki tunatazamana, kila mmoja ameshtuka kivyake.

Akasema ile nafasi imekwenda, hawezi kumwondoa Ndulu, na mimi nikasema Mungu apishe mbali. Lakini alisema wageni wakizidi mwezi wa Desemba, Ndulu hatawaweza watoto peke yake. Anataka mtu wa kumsaidia, mchana tu, kwa majaribio mpaka Februari, na nikiwafaa watanibakisha.  Kisha akaniuliza tena, nitaichukua?

Dada Warda, "hapana, ahsante" ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Naapa. Niliibana kwa meno. Amin akanivuta sikio kwa nyuma, nikasema "yes", tena kwa sauti kubwa mpaka mlinzi akageuka. Naanza tarehe mosi, na Amin anakwenda na mimi.

Bi Hafsa nilipomwambia alishika kichwa kwa ile "yes" yangu, akasema siku hizi hakuna tena haya. Halafu akauliza kama hiyo hoteli haihitaji mtu wa kupika mbaazi.

Sasa nalifikia lile la mwanzo. Mwezi wa Septemba uliniambia ungependa kuja tufunge Ramadhani pamoja, ukae chumba cha nyuma, umpakate Amin ambaye hujamwona ila kwenye picha. Nami nikakujibu, usijisumbue dada, nauli ni ghali, pumzika huko. Ukasema sawa. Nililia usiku ule, nikajiuliza kwa nini dada yangu hakusema mara ya pili. Jumatatu ile, nikiwa kwenye kiti cha chekechea, ndipo iliponijia. Umekaa kwa Waingereza muda mrefu. Uliniuliza mara moja, nikasema hapana, ukaniamini.

Usiniamini. Chumba cha nyuma nimekwisha kukipaka chokaa, na Swabir ameleta mbao za kitanda. Nataka uje, na sikungoji uniulize tena.

Mama anakusalimu na anasema usisahau mafuta yake ya mguu. Bi Hafsa na mumewe Mzee Matano wanakusalimu sana, Swabir vilevile. Mbodze, ambaye humjui lakini yeye anakujua kwa maneno yangu, naye anasalimu. Amin amelamba kona ya karatasi hii, hiyo ndiyo salamu yake. Mola akukinge na baridi hiyo, akupe njia nyepesi ya kurudi kwenu.

Wako akupendaye, anayekwambia ndiyo,

Esha